Aproni Nyeusi ya Bi Gunborg

Miaka haimshukii mtu yote kwa pamoja. Humjia mmoja mmoja, kama wageni wa matanga, kila mmoja akaketi kimya mahali pake, hata siku moja mwenye nyumba akainua macho akaona sebule imejaa. Ndivyo ilivyomjia Bi Gunborg, ambaye sasa anaukaribia umri wa miaka tisini, na ambaye anakaa katika fleti ya ghorofa ya pili mjini Fridley, si mbali na mto Mississippi, na karibu zaidi na reli ya mizigo ambako mabehewa hugongana mchana kutwa. Alizaliwa kisiwani, akahamishwa na vita, akaolewa, akazaa binti mmoja, akamzika, akamlea mjukuu, akawa mjane. Hakuna aliyepata kumsikia akiyalalamikia hayo, wala akiyasifu.

Habari zake tumezipata kwa jirani yake wa mlango wa pili, Bi Khadijah, Mswahili wa kisiwani, mjane wa marehemu Omar wa Faza, ambaye hushona mapazia na mabuibui nyumbani kwake. Bi Khadijah si mtu wa kutia chumvi katika maneno. Alichokiona amekisema, na alichokisikia amekitaja kuwa amekisikia.

Walijuana kwa sababu ya ufagio. Siku za mwanzo alipohamia jengo lile, Bi Khadijah aliukuta ufagio umeegemezwa kwenye mlango wa jirani, upande wa nje. Akadhani umesahauliwa. Akabisha, hapakuitika mtu. Akauchukua akauweka kwake usije ukaibiwa. Kesho yake akaukuta mwingine. Akauchukua na huo. Siku ya tatu alibisha yeye Bi Gunborg, mwanamke mrefu, mweupe wa nywele, amevaa aproni nyeusi juu ya gauni, na macho yake yametulia kama maji ya kisimani.

"Nimesikia wewe ni mtu mwema," alisema. "Basi nirudishie fagio zangu."

"Nilidhani umezisahau, mama."

"Sikuzisahau. Kwetu ufagio mlangoni ni kusema: hatupo, usijisumbue kubisha. Hatukuwa na kufuli."

"Na hapa, je? Ukiwaambia wezi kwamba hupo?"

Bi Gunborg akafikiri kidogo. "Wezi wa hapa hawajui kusoma ufagio," akasema. Akazichukua fagio zake akaenda. Tangu siku hiyo wakawa majirani wa kahawa.

Kisiwa chenyewe kiliitwa Vidholm, nacho kilikuwa katika Bahari ya Baltiki, mbali na kila bara. Watu wake walisema Kiswidi, kwa matamshi ya kale ambayo Waswidi wenyewe walipoyasikia waliyacheka. Wafalme walibadilika juu ya vichwa vyao. Leo kisiwa ni cha huyu, kesho ni cha yule, na kila aliyekuja alikuja na sheria zake na kodi zake. Wao waliendelea kulima shayiri katika vishamba vyembamba kama mikanda, wakaendelea kusema walivyosema mababu, na wakaendelea kuzikana nyuma ya kanisa la mbao. Bahari ikiganda, kasisi hakuweza kuvuka; basi mzee mmoja aliwasomea sala, na watoto walimpenda zaidi kwa kuwa alikuwa na haraka.

Mwisho wa majira ya baridi wanaume walitoka kwenda kuwinda sili, mnyama yule wa bahari ya baridi mwenye manyoya na mafuta mengi. Waliziburuta mashua zao juu ya barafu, wakalala humo majuma kadhaa, na wanawake wakabaki na ng'ombe, watoto na dirisha. Waliporejea, nyama iligawanywa pwani mafungu kwa mafungu. Mmoja aliyapa mafungu mgongo, mwingine akauliza, "Hili la nani?" naye akataja jina pasipo kuona. Wajane walitajwa sawa na wawindaji. Hakuna mjane aliyeomba, na hakuna aliyeshukuru, kwa sababu lilikuwa fungu lake.

Mkate waliuoka mara mbili kwa mwaka tu, ukatobolewa tundu katikati, ukatungwa kwenye mti mrefu chini ya dari, ukala moshi hata ukawa mgumu kama kigae. Gunborg alipokuwa mtoto alilala akiihesabu ile mikate mpaka usingizi umchukue. Hakupata hata siku moja kuimaliza.

Kisha vita. Alikuwa hajatimiza miaka minane walipoambiwa wajiandae. Karibu kisiwa kizima kilipanda mashua siku moja ya vuli kukimbilia Uswidi, kikawaacha ng'ombe wakilia. Kila nyumba ikaegemezwa ufagio mlangoni. Hilo Bi Gunborg alilisimulia kwa sauti ileile aliyotajia bei ya kahawa.

Kutoka Uswidi baadhi yao walivuka wakaja Minnesota, wakatawanyika Minneapolis na Saint Paul. Hapo ndipo Gunborg alipoolewa na Elis, seremala, naye mtoto wa kisiwa kilekile. Kwa miaka mingi watu wa Vidholm walikutana katika chumba cha chini cha kanisa moja, wakanywa kahawa, wakagombana juu ya nani alikuwa jirani ya nani. Kisha viti vikaanza kupungua.

Sasa tuieleze aproni, maana habari yote imesimama juu yake. Mwanamke wa Vidholm alivaa aproni ya mistari myekundu siku zote za maisha yake. Akifiwa na mume, mwanamke mwingine alimfunga aproni nyeusi, fundo likakaa mgongoni. Tangu hapo fundo hilo halikufunguliwa. Aproni ilipochafuka iliteremshwa miguuni, ikafuliwa na fundo lake, ikavaliwa tena. Mjane hakukanda unga, aliletewa mkate. Hakuketi meza ya harusi, hata kama bibi arusi ni damu yake. Hayo yalidumu mpaka barafu ya bahari iyeyuke mara mbili. Ndipo, asubuhi moja, mjane mwingine aliingia pasipo kubisha, akamfungua fundo, akamfunga aproni ya mistari, akamtia mikono katika unga. Wala si mjane yeyote. Alitakiwa awe mjane wa kisiwani ambaye naye alifunguliwa kwa mkono wa mjane mwenzake. Mwenye msiba hakuwa na ruhusa ya kujifungua mwenyewe.

Elis alifariki majira ya baridi, yapata miaka mitatu iliyopita. Aliyemfunga Gunborg aproni alikuwa Bi Alma, mjane wa mwisho wa Vidholm, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya wazee huko Oakdale. Vuli iliyofuata Alma naye akafa. Barafu ya maziwa ya Minnesota ikayeyuka mara ya kwanza, ikayeyuka mara ya pili, ikayeyuka na mara ya tatu. Hakuna aliyeingia pasipo kubisha. Hakukuwa na aliyebaki.

Basi Bi Gunborg akakaa. Watu waliomwona walidhani ana huzuni, lakini huzuni ni kitu chenye joto, na kwake hapakuwa na joto. Alikuwa na ganzi. Alikula kwa kuwa saa imefika. Alilala kwa kuwa taa imezimwa. Bi Khadijah alimpelekea mahamri na mbaazi za nazi, akala, akasema, "Ahsante, ni laini." Siku moja zilitiwa pilipili kwa makosa, kiasi cha kumtoa mtu machozi, akala, akasema, "Ahsante, ni laini." Alisimama dirishani akayatazama mabehewa, na alipoulizwa anatazama nini alisema, "Dirisha."

Mambo yalikuwa hivyo hata mwezi wa Aprili mwaka huu, alipokuja mjukuu wake Rachelle. Msichana huyu anafanya kazi katika maabara ya hospitali, na mama yake alifariki akiwa mdogo. Bi Gunborg na Elis ndio waliomlea. Alikuja kusema kwamba ataolewa na mchumba wake Brandon mwezi wa Mei, katika kanisa moja la Roseville. Bi Khadijah alikuwapo, amekuja kupima mapazia. Alitaka kutoka, akaambiwa aketi.

"Utakaa meza yangu, Bibi," Rachelle alisema. "Mkono wangu wa kulia."

"Nitakuombea nikiwa hapa."

"Bibi!"

"Nimefungwa, mwanangu. Unajua."

"Ni kitambaa tu!"

"Hata bendera ni kitambaa tu. Kajaribu kuichana mbele ya wenyewe."

Rachelle akacheka kwa kutotaka. "Brandon anasema ukija na aproni nyeusi, naye atavaa nyeusi, mkae pamoja."

"Mwambie asikifanyie mzaha kitambaa ambacho pengine mkewe atakivaa."

Rachelle akapiga magoti nyuma ya kiti cha bibi yake, akaligusa lile fundo. "Basi nitakufungua mimi. Sasa hivi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na wewe hujaolewa, seuze kufiwa. Ukilifungua wewe, msiba wangu unaanza upya, na wako unatangulia harusi."

Msichana akaondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Akasimama. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Sina mama. Upande wa Brandon watajaa. Upande wangu, ukikosekana wewe, vitakuwa viti vitupu." Akaubusu utosi wa bibi yake, akaaga, akaenda.

Bi Gunborg hakulia. Aliuangalia mlango kwa muda, kisha akamgeukia jirani yake.

"Jirani. Wewe ni mjane."

"Ni mjane."

"Wa kisiwani."

"Wa kisiwani."

"Nani alikufungua?"

Bi Khadijah anasema kwamba hapo angaliweza kutaja jina lolote, na mambo yangalikwisha. Lakini aliyeulizwa juu ya haki hana budi kusema kweli. Omar alifariki katika mwaka wa maradhi, milango ilipofungwa na watu wakazuiwa kutembeleana. Bi Khadijah alikaa eda peke yake katika fleti aliyokaa kabla ya kuhamia Fridley. Siku za sheria zilipotimia, hakuna mwanamke aliyekuja kumwogesha na kumvisha, kama ilivyo ada ya kwao. Alioga mwenyewe, akavaa gauni jipya mwenyewe, akaketi kitandani. Wifi yake alimpongeza kwa simu.

"Basi hata wewe bado umefungwa," alisema Bi Gunborg, pasipo huruma wala ukali, kama mtu asemaye basi limechelewa.

Maneno hayo si ya sheria, na Bi Khadijah alilijua hilo. Eda hutimia kwa kutimia muda wake, ada ikifuatwa au isifuatwe. Hata hivyo aliporudi kwake alisimama katikati ya jikoni asijue alichokuja kukichukua. Mwishowe akampigia simu wifi yake, Bimkubwa, dada wa marehemu Omar, ambaye ana kibanda cha udi, marashi na leso katika soko moja la ndani huko Minneapolis.

"Wifi, wewe nani alikutoa eda?"

"Ala! Huko Fridley mnavuta nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nijibu."

"Alinitoa shangazi, Faza, alfajiri, baharini. Maji ya baridi, hata nikamtukana. Mungu amrehemu."

"Alikutoa kwa mkono?"

"La, kwa mguu! Khadijah, una homa?"

Akaelezwa habari yote. Kisha akasema, "Na huyo bibi anataka tu fundo lifunguliwe? Hataki niseme maneno ya dini yao, wala nile kitu?"

"Fundo tu. Na uingie pasipo kubisha."

"Kubisha nimejulia wapi mimi?"

Wala hakuna katika kufungua fundo la jirani jambo la kumkirihisha Mola. Haki ya jirani ni pana, nayo haiulizi dini yake kwanza.

Jumamosi iliyofuata Bi Gunborg aliuacha mlango wake bila kufuli, kwa mara ya kwanza tangu kuja Amerika. Bimkubwa akausukuma akaingia, mwanamke mnene, mfupi, mwenye pumzi za kupanda ngazi, na Bi Khadijah nyuma yake.

"Paking ya jengo hili!" alisema kwa Kiswahili, badala ya salamu. "Gari nimeliacha karibu na mpaka wa Wisconsin. Yuko wapi mwenyewe?"

Mwenyewe alikuwa amesimama kando ya meza, mgongo umenyooka. Juu ya meza palikuwa na bakuli la unga na aproni iliyokunjwa, nyeupe, ya mistari myekundu. Akasema kwa Kiingereza, na Bi Khadijah akafasiri: "Anauliza, mkono uliokufungua wewe, na wenyewe ulifunguliwa kwa mkono?"

"Mwambie ulifunguliwa. Na uliotangulia ulifunguliwa, na wa kabla yake, mpaka kwa bibi wa mabibi ambaye kaburi lake hatulijui."

"Anauliza, kisiwani?"

"Kisiwani! Kwani Faza ni Nairobi? Mwambie ageuke, magoti yananiuma."

Bi Gunborg akageuka. Fundo lilikuwa limefuliwa mara nyingi, limekuwa dogo na gumu kama kokwa ya tende. Bimkubwa alijaribu kwa kucha, likakataa. Alijaribu kwa pini ya mtandio, likakataa. Bi Khadijah alipogusa mkasi, bibi akasema pasipo kugeuka, "Halikatwi," na mkasi ukarudi mezani. Basi Bimkubwa akajishikiza kwenye kiti, akainama, akaling'ata kwa meno.

"Likinivunja jino," alisema huku amebana, "mtalikalia eda nyinyi wawili."

Fundo likalegea. Aproni nyeusi ikaanguka sakafuni bila sauti. Bimkubwa akamfunga ile ya mistari, kwa fundo jepesi la ubavuni, kama afungavyo leso. Walisubiri. Bi Khadijah anasema alitazamia kilio, au japo pumzi ndefu. Bi Gunborg aliitazama aproni mpya, akaipapasa mstari mmoja kwa kidole, akasema:

"Sihisi kitu."

Lilipofasiriwa, Bimkubwa hakushangaa. "Nani alimwambia atahisi? Mimi nilitoka baharini nikahisi baridi, basi. Kaambiwa akande, na akande."

Akaishika mikono ya bibi, akaitia katika unga, akamimina maji. Ile mikono mirefu ilikaa humo imelala kwa kitambo. Kisha vidole vikaanza kazi, polepole, vikikunja na kusukuma, kwa mazoea ambayo hayakumtaka mwenyewe awepo. Katikati ya kukanda akainua uso akamwonyesha Bi Khadijah kwa kidevu.

"Na huyu?"

"Huyu sheria ilikwishamtoa," Bimkubwa alijibu baada ya kuelezwa.

"Sheria, ndiyo. Mkono?"

Bimkubwa alimtazama wifi yake. Akafungua bomba la jikoni, akakinga maji kwa kiganja, akamwosha uso, kisha mikono mpaka viwiko, akamfuta kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe. Alipomaliza alisema tu, "Ulikuwa uniambie, mwanamke wee." Bi Khadijah naye, alipoulizwa alihisi nini, alisema maji yalikuwa vuguvugu.

Mwezi wa Mei harusi ikafanyika. Bi Gunborg alipanda gari la Rachelle akaenda Roseville, akaingia kanisani, akakaa upande wa bibi arusi, kiti cha mbele. Karamuni aliketi meza yao, mkono wa kulia. Brandon alimtania kwamba mistari ya aproni yake imeishinda tai yake, naye akamwambia, "Si kazi kubwa." Watu walicheza, yeye hakucheza. Walimpiga picha, hakutabasamu wala hakukunja uso. Siku ya pili Bi Khadijah alimwuliza kwa kahawa ilikuwaje.

"Nilikaa," alisema. "Walikula. Nikala."

"Keki ilikuwa tamu?"

Bi Gunborg akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu aulizwaye habari ya mtaa alioupita zamani. "Sijui," akasema. "Lakini Rachelle aliniangalia mara nyingi, na kila aliponiangalia nilikuwapo."

Hivyo ndivyo alivyo hadi leo. Hajachangamka, wala hatusemi kwamba atachangamka; mioyo ina Mwenyewe, naye huigeuza apendavyo, kwa wakati aupendao. Anakanda unga Jumamosi, anapeleka mkate mlango wa pili, anarudi dirishani.

Ewe Mola, Mwenye visiwa na bara, Mwenye kuganda kwa maji na kuyeyuka kwake, mpe mja wako huyu utulivu usio baridi. Mwongoze katika lililo kheri, umfanyie wepesi siku zake zilizosalia. Mbariki mjukuu wake Rachelle na mume wake, uwape kizazi chema na nyumba isiyokosa wa kubisha. Uwahifadhi jamaa zake wote waliotawanyika, wanaojuana na wasiojuana. Na jirani yake pamoja na wifi wa jirani huyo, waliomjia kwa mikono yao, usiwaache siku watakayohitaji mkono. Amina.